Hotuba ya Gavana kwa Kiswahili cha Mwaka Jana

Vijana wa chumba cha tafsiri, mmeniomba niwaachie maneno machache kabla sijarudisha ufunguo wa kabati la kamusi. Ufunguo nimesharudisha, kwa hiyo mtapata maneno mengi. Mstaafu hana mtu wa kumwambia afupishe. Miaka yangu ya mwisho mliiona wenyewe. Nitaeleza ile ya mwanzo, ya wakati wa Wabelgiji, hapa Kolwezi. Kuhusu vyeo na mishahara sitawachosha: vyote viwili vilikuwa na haya ya kukua mbele ya watu.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Kila mwaka Gavana Mkuu alisimama mbele ya baraza lake kule Leopoldville akaeleza hali ya nchi. Hali ya nchi ilikuwa nzuri. Sijawahi kukutana na mwaka ambao haikuwa nzuri; kama ulikuwepo, labda ulipotea posta. Hotuba ilipigwa chapa kwa Kifaransa, ikasafiri kwa meli na treni, ikatufikia katika bahasha nene yenye mhuri, nami nikaigeuza Kiswahili ili wachimbaji na wake zao wajue jinsi wanavyoishi. Bila hotuba wangelazimika kutegemea macho yao wenyewe, na macho, kama mjuavyo, hudanganya.

Siku yangu ya kwanza nilivaa soksi ndefu na kubeba kalamu mbili. Mkubwa wangu alikuwa Tata Kalenga, mzee mfupi kutoka kaskazini mwa Katanga, aliyefundisha katika misheni ya Kiprotestanti kabla ya kuwa karani mtafsiri. Aliangalia soksi, kisha kalamu.

"Weye unajua Kifaransa?"

"Ndiyo, tata. Nilisoma kwa bapadri."

"Na Kiswahili?"

"Tata, ile njo luga yetu ya kila siku."

"Eeh. Njo pale taabu yako itaanzia."

Akachukua kalamu zote mbili akazifungia kwenye mtoto wa meza. "Kwenda ku posho," akasema. "Sikiliza namna bamama banasemaka. Ukirudi na neno moja yenye mi sijue, nitakurudishia kalamu moja."

Posho ilikuwa chakula cha wiki. Kila Jumamosi wake wa wachimbaji walipanga mstari mbele ya ghala la kambi kuchukua unga, maharagwe, samaki wa chumvi na mafuta ya mawese. Nilisimama pale Jumamosi mbili, nikijifanya ninasubiri mtu. Nilijifunza kwamba hakuna mwanadamu anayesema "kupanda kwa gharama za maisha". Mama mmoja alisema, "Unga inakimbia mbele yetu sawa mwizi." Nikapata kalamu ya kwanza. Ya pili sikuipata kamwe. Nadhani Tata Kalenga aliipenda.

Vyombo vyetu vilikuwa vitatu. Kulikuwa na kamusi ya mapadri, iliyokuwa na maneno ya kutosha kwa kila aina ya dhambi lakini hata moja kwa ajili ya bajeti, jambo ambalo siku hizi silioni kuwa upungufu. Kulikuwa na mashine ya kuandika iliyotengenezwa kwa ajili ya Kifaransa, ambacho karibu hakitumii K wala W. Nilipoikuta, herufi hizo mbili zilikuwa zinang'aa kama meno ya bibi harusi. Kiswahili kilizila mpaka zikafutika, nikawa nazipiga kwa kukumbuka mahali zilipokuwa. Na kulikuwa na karatasi za nta za kurudufia. Kosa moja juu ya nta hukugharimu ukurasa mzima, kwa hiyo fikirini kwanza, mpige baadaye. Ninyi mna mashine bora; fikirini hata hivyo.

Namna ya kupima tafsiri alinifundisha yeye. Ukimaliza sentensi, toka nje, umtafute mama mwenye mzigo kichwani, umsomee. Akiutua ili asikilize, sentensi ni nzima. Akiuweka tu sawa kichwani huku anakutazama kwa huruma, rudi mezani. Nimetumia kipimo hicho kazi yangu yote, na hakuna aliyewahi kutua mzigo kwa ajili ya maneno "mwelekeo wa kuridhisha".

Ofisi yetu ilisimamiwa na Mbelgiji ambaye kambi nzima ilimwita Bwana Saa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu tu, na utaratibu wake ulikuwa huu: kwa kuwa hakujua Kiswahili, aliikagua tafsiri kwa saa ya mfukoni. Kwanza alijifungia ofisini akaisoma hotuba kwa Kifaransa kwa sauti, akaandika dakika kwenye daftari. Kisha, siku ya usomaji, alisimama kando ya kipaza sauti akahesabu dakika za Kiswahili. Zikikaribiana, alitia sahihi cheti kwamba hotuba imesomwa yote. Ningeweza kuwasomea mapishi ya sombe, yale majani ya muhogo, mradi yachemke dakika arobaini na tano.

Usomaji ulifanywa Jumamosi kabla ya ghala kufunguliwa. Wakubwa walishangaa mwaka hata mwaka kuona jinsi Waafrika wanavyopenda hotuba za Gavana: maelfu ya watu, na kila mmoja na beseni.

Kati ya watu hao mmoja nilimngoja kila mwaka. Aliitwa Kabeya, Mkasai, mwendesha mashine ya kuchota mawe. Baba yake aliletwa na wale waandikishaji wa kazi wa zamani, naye alikulia hapahapa kambini. Nilipofika kwenye nyumba bora, barabara bora na afya bora, sauti yake ilitoka nyuma ya mstari:

"Karani! Uulize Gavana ile inchi iko wapi, tuhamie na batoto!"

Watu walicheka mpaka mabeseni yakagongana. Bwana Saa aliniinamia. "Amesema nini?"

"Anashukuru, Bwana."

Akaandika: wakazi walishukuru.

Baada ya miaka michache Tata Kalenga alistaafu, akaenda Mutshatsha kulima mihogo, akaniachia meza na daftari lake la sentensi. Na hapa, wanangu, naanza kueleza kosa langu. Mwaka wa kwanza wa kuwa peke yangu niliweka hotuba mpya kando ya tafsiri ya mwaka uliopita ili nilinganishe maneno. Ukurasa wa kwanza: Mungu, Mfalme, shaba. Ule wa zamani: Mungu, Mfalme, shaba. Wa pili: reli. Wa pili wa zamani: reli. Nilifunua mpaka mwisho. Tofauti zilikuwa kwenye tarakimu tu, na tarakimu zote zilikuwa zimenenepa.

Nikachukua Kiswahili cha mwaka jana nikabadilisha tarakimu. Kazi ya wiki tatu ikawa kazi ya siku mbili. Dakika zilikaribiana, Bwana Saa akatia sahihi, mstari ukacheka pale unapocheka. Mwaka uliofuata nikafanya hivyohivyo, na wa tatu. Nilijiona mwerevu. Nilisema moyoni: kama yeye hachoki kurudia, kwa nini mimi nichoke kwa niaba yake?

Mwaka huo wa tatu Kabeya alikufa kwa ugonjwa wa kifua, wiki chache kabla ya bahasha kufika. Siku ya Alhamisi, nikiwa nimeshakata nta zote, mke wake Mama Ngalula alisimama mlangoni kwangu na kitambaa cha msiba kichwani.

"Jambo, tata Karani."

"Jambo, mama. Pole na kilio."

"Asante. Kambi imenipa barua. Nyumba ni ya mwenye kazi, na mwenye kazi alishakufa. Banasema mi na batoto tupande treni ya Kasai, siku ya Mungu ya juma yenye kuya."

"Kasai uko na ndugu?"

"Ndugu gani? Mi nilizaliwa humu mu kambi. Kule sijue hata muntu." Akakaza kitambaa kichwani. "Sikatae kutoka, tata. Lakini Mbuyi, binti yangu, iko ku mwaka wa mwisho ya masomo. Akipita mtihani, bamasista batamupokea kusoma kazi ya hospitali. Tukienda sasa, ile yote inakufa. Njo nakuuliza: mule mu maneno ya Gavana ya mwaka huu, hakuna neno juu ya siye benye kufiwa?"

Bahasha ilikuwa mezani. Nilikuwa nimeifungua kwenye kurasa zenye tarakimu tu. Niliweka mkono juu yake kama mtu anayeapa.

"Hakuna, mama. Ni reli, shaba na asante tu."

"Umeangalia muzuri?"

"Mama, mi njo ninaitafsiri."

"Basi," akasema. "Kama ni weye unasema."

Jumamosi nilisoma. Mama Ngalula alikuwa mstarini na beseni lake. Nilipofika kwenye nyumba bora nilingoja, bila kukusudia, ile sauti ya nyuma. Haikuja, nikaendelea. Bwana Saa alifunga saa yake akaniambia Kiswahili kinazidi kubana matumizi: Kifaransa dakika arobaini na sita, Kiswahili arobaini na mbili. Akatia sahihi.

Jumatatu kazi ilikuwa kushona hotuba ya Kifaransa ndani ya jalada la mwaka. Tulishona kwa sindano na uzi mnene, ukurasa baada ya ukurasa, tukihakikisha namba hazikurukwa. Hivyo ndivyo nilivyousoma ukurasa wa thelathini na moja, kwa bahati mbaya, nikiwa na sindano mkononi. Baada ya vyoo vipya na kabla ya vita dhidi ya mbu, Gavana alisema kwamba kuanzia mwaka huu familia ya mfanyakazi aliyekufa, ikiwa na mtoto katika mwaka wa mwisho wa shule, itabaki katika nyumba ya kambi mpaka mtihani uishe. Ilikuwa sentensi moja. Kwa miaka yote ile alikuwa ameifundisha mikono yangu kwamba hasemi kitu, kisha akasema.

Nilichukua ukurasa huo mpaka kwa mkuu wa kambi, Mzungu mrefu aliyekijua Kiswahili cha kuamrisha na aliyekuwa ametia sahihi ile barua ya treni. Aliutazama kwa mbali kama anavyotazamwa mbwa wa jirani.

"Mimi nilisimama pale juani Jumamosi," akasema. "Nilisikia hotuba yote. Neno la wajane halikuwamo. Barua rasmi ikifika, nitafuata."

Barua rasmi, nyinyi mnajua, husafiri kwa miguu. Hii ilifika miezi miwili baadaye, ikiwa na mhuri wa haraka. Wakati huo nyumba ya Kabeya ingekuwa na pazia la mtu mwingine. Sheria yote ya kambi ilikuwa kile kilichotoka kwenye kipaza sauti, na kilichotoka kilikuwa kimetoka mdomoni mwangu.

Nikaenda kwa Bwana Saa nikamwambia ukweli. Alinisikiliza akiwa ameinua kalamu.

"Umewasomea ya mwaka jana?"

"Ndiyo, Bwana. Mara tatu."

"Na hakuna aliyegundua?"

"Hakuna, Bwana. Hata Bwana."

Akawa mwekundu, kisha mweupe, rangi zote alizopewa. "Ningekufukuza leo hii. Lakini nikikufukuza, lazima niandike sababu." Akatazama sahihi yake kwenye cheti. "Hotuba imesomwa. Itasomwa tena mwakani. Nenda."

Sikwenda. Ninawaeleza hili polepole kwa sababu ndilo jambo moja la ushujaa nililofanya kazini, na nililifanya kwa daftari. Nililifungua mbele yake.

"Bwana, hapa imeandikwa Kifaransa arobaini na sita, Kiswahili arobaini na mbili. Mkaguzi akija kutoka Elisabethville, akauliza dakika nne za Gavana Mkuu zimekwenda wapi, nimjibu nini?"

Aliitoa saa akaitazama kama mtu aliyegundua kwamba mke wake anaiba sukari. Kuhusu Mama Ngalula hakuuliza neno. Kuhusu dakika nne aliumia kweli.

"Jumamosi," akasema mwishowe. "Kabla ya ghala. Dakika nne. Hata moja zaidi sitaki."

Posho ilikuwa Jumamosi, treni Jumapili. Kuanzia Jumanne mpaka Ijumaa niliandika sentensi moja. Ilikuwa ya kwanza niliyoitafsiri kweli kwa miaka mitatu, na mkono ulikuwa mzito. Rasimu ya kwanza ilisikika kama barua ya benki. Ya pili mkuu wa kambi angeweza kutoroka kupitia katikati yake. Ijumaa nilimsomea ya sita mama muuza makaa aliyekuwa akipita na gunia kichwani. Akalitua.

"Rudilia tena ile ya nyumba," akasema.

Nikaipiga kwenye mashine, herufi zisizoonekana na zinazoonekana.

Jumamosi nilipanda kwenye sanduku la kipaza sauti. Nilisema: "Juma lililopita nilisoma maneno ya Gavana bila ukurasa mmoja. Gavana hakukosea. Mashine haikukosea. Ni mimi. Na kuna mama aliyeniuliza juu ya ukurasa huo, nikamjibu hakuna, bila kuangalia." Kisha nikasoma:

"Mwenye kazi akifa, na kama mtoto wake iko mu mwaka ya mwisho ya masomo, mama na batoto hawatatolewa mu nyumba ya kambi mpaka siku mtihani itakwisha. Ni neno la Gavana Mkuu, na inaanza mwaka huu."

Miaka yote watu walikuwa wamenizoea kama mvua juu ya bati, na sasa mvua ilikuwa imeita jina la mtu. Halafu mama mmoja mbele akainua mkono.

"Rudilia, tata!"

Nikarudia. "Rudilia!" wakasema wa katikati, ambao walikuwa wamesikia vizuri kabisa. Nikarudia. "Rudilia, siye huku nyuma!" Nikarudia tena. Dakika nne za Gavana zilijaa kwa sentensi moja, na Bwana Saa hakuwa na la kupinga, maana mshale ulikuwa bado unatembea.

Mkuu wa kambi alikuwa kwenye mlango wa ghala na orodha yake. Mama wa kwanza mstarini hakunyosha beseni.

"Bwana mukubwa, umesikia?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Hatuone kichwa," ikatoka sauti ya nyuma. "Siye tuko wafupi."

"Nimesikia," akasema.

"Na nguvu, Bwana! Karani anasema na nguvu, na yeye iko na mshahara kidogo!"

"NIMESIKIA!"

Hapo ndipo mabeseni yaliponyooshwa. Akaandika kitu kwenye ile orodha, akaikunja, akaitia mfukoni. Mama Ngalula hakupiga makofi wala kunitazama. Alichukua unga wake akaenda kufungua mizigo aliyokuwa ameshaifunga kamba.

Walibaki kambini mpaka mtihani ulipokwisha. Mbuyi alipita, masista wakampokea. Wiki iliyofuata nyumba ilichukuliwa, sawasawa na ilivyoandikwa. Sentensi ya Gavana haikuwa na mkia. Mama Ngalula hakwenda Kasai. Alipanda treni ya kwenda Mutshatsha, akalima kando ya shamba la Tata Kalenga, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alimfundisha kupanda, na kwa maelezo ya mama alimzuia njia.

Lakini nimeruka Jumatatu, ile iliyofuata usomaji wa pili. Asubuhi Mama Ngalula alikuja ofisini. Safari hii hakusimama mlangoni. Alivuta kiti cha wageni, kile ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukikalia, akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Mama, nilikukosea," nikasema.

"Najua. Ulisema mbele ya batu yote. Sikuje juu ya ile." Akaonyesha jalada kwa kidevu. "Soma."

"Nisome nini?"

"Yote. Ile Kifaransa, tangu mwanzo mpaka mwisho, na unigeuzie hapahapa. Mi niko na nafasi mpaka mtihani."

Nikafungua. Mungu, Mfalme, shaba. Nikageuza polepole, kila sentensi, bila daftari la Tata Kalenga. Reli. Tani. Barabara bora, nyumba bora. Mama Ngalula alisikiliza kama mtu anayechambua maharagwe. Kwenye ukurasa wa tisa aliinua mkono.

"Ile ulisoma mwaka jana."

"Hapana, mama. Ni ya mwaka huu. Anasemaka vile kila mwaka."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

Akafikiri.

"Basi endelea," akasema. "Pengine mule ndani alisahau neno ingine ya kweli."

Tukasoma mpaka kengele ya saa sita. Halikuwemo lingine, lakini tulitafuta.